Abiria wa Kona ya Magamba

Kilichoanza kumkera Masudi ni harufu ya maziwa. Gari halikuwahi kubeba mtoto tangu alinunue, maana mtoto mwenyewe alikuwa bado tumboni mwa mkewe Vumilia, lakini kila akifungua mlango asubuhi alikutana nayo: maziwa ya mama, ya uvuguvugu, yaliyoanza kuchacha. Aliosha mazulia, akaanika viti, akapulizia manukato hadi kichwa kikamuuma. Harufu ikabaki palepale kiti cha nyuma.

Na gari lenyewe, jamani! Jeusi, refu, la zamani, la aina waliyokuwa wakipanda mabalozi. Viti vyake vya ngozi vilikumeza mpaka ukasahau kuwa barabara ya Rangwi ina makorongo. Masudi, mkazi wa Rangwi aliyeuza mbegu na mbolea pale Lushoto mjini, alilinunua kwa sababu moja tu. Vumilia alikuwa ameshika mimba baada ya miaka mingi ya kungoja na kusemwa na mawifi, na daktari alimkataza kabisa kupanda bodaboda. Basi mkewe akae kwenye ngozi, ashuke mlima kama malkia, akajifungue salama hospitalini.

Malkia gani wa kusukumwa? Gari lilikuwa likizimika, tena mahali pamoja, kona ya msitu wa Magamba, ukungu ukishuka. Fundi Faraji alibadilisha betri, akabadilisha pampu ya mafuta, akabadilisha na plagi, mwishowe akafuta mikono na kusema, "Bosi, mashine nzima. Mimi sina cha kufungua tena." Vijana wa kijijini wakalipa gari jina: Mgonjwa. "Mgonjwa kaamkaje leo?" walimuuliza, naye akameza hasira na kucheka nao.

Alipochoka akaliendesha mpaka Vuga, kwa mzee Sheshe, mganga wa majini. Mzee alilizunguka, akanusa kiti cha nyuma, uso ukambadilika.

"Mghosi, bwana wangu, ulimpa nani lifti pale kona?"

"Sijampa mtu, mzee."

"Fikiri."

Masudi akakumbuka. Siku ile alipolileta gari nyumbani, ukungu umefunga, alipunguza mwendo pale kona akasikia sauti ya mtoto dirishani: "Shikamoo, baba." Hakuona mtu. Lakini ni nani huku milimani atakayeacha kuitikia shikamoo ya mtoto? Aliitikia kwa mazoea, "Marahaba, mwanangu," akakanyaga mafuta akaenda zake.

"Ukamwita mwanao," mzee alinong'ona. "Yule hana kwao. Anasalimia magari pale miaka na miaka, na wanaoijua sauti yake wananyamaza. Sasa amepata baba, na kila mkifika anazima gari akitaka umwite tena."

"Mtoe basi, mzee!"

"Jini aliyeingia kwa nguvu namtoa. Aliyepokelewa na baba atatolewa na baba. Nenda pale kona, mwambie ashuke, mwambie wewe si baba yake. Ila usimtume kitu. Mtoto ukishamtuma akatumika, huwezi kumkana."

Masudi alipanga kwenda Ijumaa baada ya swala. Uchungu wa Vumilia haukungoja Ijumaa.

Ulimshika Alhamisi alasiri, mvua ikinyesha. Masudi alimlaza kiti cha nyuma, hakuwa na namna, akaendesha huku akisoma kila dua aliyoijua. Wakafika kona. Gari likazima.

"Masudi," Vumilia alisema polepole, "nani ananishika tumbo?"

"Hakuna mtu, mke wangu."

"Yupo. Mikono midogo. Ya baridi."

Simu haikuwa na mtandao. Masudi alizungusha ufunguo, mashine ikakohoa na kunyamaza, akazungusha tena, na harufu ya maziwa ikajaa gari zima, na huko nyuma mkewe akaanza kulia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa binadamu, na yale maneno aliyofundishwa na mzee, ya kwamba yeye si baba yake, yakampotea kabisa, zikabaki tu hasira za miezi yote ya betri na pampu na kuchekwa njiani, zikampanda zote kwa pamoja, akapiga usukani ngumi na kufoka kama anavyofoka mzazi yeyote aliyechoshwa na mwanawe: "Shuka! Shuka usukume, umesikia? Mama yako anakufa!"

Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, ukafungwa taratibu. Vikasikika vinyayo vidogo kwenye tope.

Na gari, mashine ikiwa imekufa, likaanza kupanda mlima.

Masudi alishika usukani mpaka walipovuka kilele, likateremka lenyewe hadi Lushoto mjini, na penye tambarare likasukumwa tena, mpaka mlangoni mwa hospitali. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, mwenye sauti kubwa.

Nesi Esteria alikuja wodini na kalamu yake. "Hongereni. Huyu ni mtoto wenu wa ngapi?"

"Wa kwanza," alijibu Vumilia akitabasamu.

Hapo Masudi akahisi kiganja kidogo, cha baridi, kikijipenyeza ndani ya mkono wake na kutulia, kikisubiri. Angeweza kukikung'uta. Aliogopa, tena aliogopa sana, lakini aliwatazama wawili wale kitandani, wazima wote, akajua nani amewafikisha.

"Wa pili, nesi," alisema. "Andika wa pili."