Asilimia Saba

Walikutana kwa ugomvi, kwenye bohari ya gesi, asubuhi watu wamejaa hadi mlangoni. Mkemia alikuwa na gauni la njano lililoingia masizi mikononi, na alikuwa akimfokea karani kwamba naitrojeni ya kimiminika aliyouziwa imepunjwa na mizani yao ni ya wizi.

"Mizani nimeipima mimi, sasa hivi," ilisema sauti nyuma yake. Mwanamume, shati la bluu limenyooka pasi, kisanduku cha mawe ya mizani mkononi. "Haina wizi, dada. Gesi yako inapotea hewani huku unagomba."

Watu wakacheka. Mkemia alitamani kumzaba kofi. Baada ya miezi mitatu fundi mizani huyo alikuwa akimwita Masizi, naye akiitika.

Kazi ya Masizi ilikuwa kuhifadhi haidrojeni ndani ya unga mweusi wa kaboni, mirija midogo isiyoonekana kwa macho, ili siku moja magari yaendeshwe kwa gesi hiyo. Unapima unga, unaulisha haidrojeni, unapima tena; uzito uliozidi ndio gesi. Alipata asilimia saba ya uzito wa unga. Miaka mitatu ilizaa namba hiyo. Makala ilishatumwa, na mkataba wake mpya wa kazi ulisubiri makala.

Kisha fundi akaja kukagua mizani ya maabara. Ilikuwa nzima. Lakini aliacha unga juu yake, bila haidrojeni hata chembe, akaona namba zinapanda zenyewe. Unga ulikuwa unakunywa unyevu wa hewani. Akaandika hivyo kwenye ripoti, na ripoti ikaenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara. Masizi aliisikia kikaoni, mbele ya watu saba.

Alimpigia fundi simu akiwa bado kwenye ngazi.

"Jana tumekula pamoja, ukaniambia nimependeza. Ripoti ulishaandika?"

"Nilishaandika. Haipiti kwa anayekaguliwa, mpenzi. Ndio utaratibu."

"Usiniite mpenzi. Kaa na utaratibu wako."

"Masizi, kausha unga tanurini, upime tena."

"Unanifundisha kemia, wewe mpima nyanya?"

Akakata. Hasira hasara, wanasema. Yeye hakuwa na muda wa kuwasikiliza.

Wiki mbili baadaye dada yake mkubwa alimkuta akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hana. Ni msaliti tu."

"Alisema uongo?"

Masizi akasugua kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Mwezi mzima kabla ya ripoti ile, yeye mwenyewe aliona namba zikipanda. Alijisemea ni upepo wa feni, akazima feni, akaendelea kuandika.

Kesho yake aliukausha unga tanurini kutwa, akaupima upya. Akaenda kwa mkuu, kisha akampigia fundi. "Njoo maabara."

Fundi alikuja na shati lenye makunyanzi.

"Asilimia moja," Masizi alimwambia. "Makala nimeiondoa. Mkataba nadhani umekwenda."

"Pole."

"Usinipe pole. Nilishaona kabla yako. Niliona namba zinapanda, nikasingizia feni."

Uso ukamkaza fundi.

"Uliniita mpima nyanya, ukaninunia wiki mbili. Dada yako amenipigia kuniuliza kwa nini nimekusaliti. Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nina hasira na wewe, Masizi."

"Na mimi zangu hazijaisha. Ungeniambia mimi kwanza. Hata dakika tano kabla."

"Ningekwambia, ungefanya nini?"

Uongo ulikuwa karibu kabisa, na ulikuwa mtamu. Aliumeza.

"Ningekuomba usiandike."

"Na mimi nisingeandika," alisema fundi. "Nakujua, na najijua. Ndio maana sikukwambia."

Masizi alivuta kiti, akamsogezea kingine kwa mguu. Fundi alikitazama kwanza, kama mtu anayetafuta sababu ya kukataa, kisha akakaa. Walikaa hivyo wamenuna, magoti yamegusana, na hakuna aliyesogeza lake.