Mgeni Kwenye Jukwaa la Bluu

Jua la alasiri lilikuwa kali hadi viti vya plastiki vikawa havikaliki, lakini kijana aliyekaa karibu na Kidoti alikuwa amevaa sweta zito la kijivu, zipu imefungwa mpaka kooni. Jasho lilimtiririka shingoni kama mtu aliyetolewa kisimani. Uwanja mzima ulikuwa bluu, rangi ya timu ya taifa: jezi bluu, bendera bluu, hata nyuso zimepakwa bluu. Kidoti mwenyewe alikuwa na jezi mpya iliyombana kiunoni na kitambaa cha bluu kichwani, na kile kidoti cheusi juu ya mdomo kilichompa jina kilikuwa kimezungukwa na vitone vya jasho.

"Kaka, unaumwa?" alimuuliza.

"Hapana."

"Mbona umejifunika hivyo?"

"Nasikia baridi."

"Baridi? Hapa?" Kidoti akacheka. "Makubwa!"

Kijana aligeukia uwanja. Alikuwa anatazama mpira kwa namna ambayo Kidoti hakuielewa. Bluu wakikosa goli, wote wanashika vichwa, yeye anashusha pumzi. Bluu wakishambulia, wote wanasimama, yeye anafumba macho.

Mara wageni, wale wa jezi za rangi ya chungwa, wakachomoka na mpira na kufunga. Jukwaa likanyamaza kama limemwagiwa maji. Katika ukimya ule Kidoti akahisi mkono umemshika goti na kulibana. Akageuka. Kijana alikuwa ameuma midomo asicheke, machozi yanamlenga, na pale zipu iliposhuka kidogo ukosi wa jezi ulichungulia. Ukosi wa rangi ya chungwa.

Jibaba moja lenye tarumbeta la plastiki likainama kutoka kiti cha nyuma. "Huyu jamaa mbona anatabasamu? Wewe, ni wa wapi?"

Kidoti hajui mpaka leo kilichomtuma. Alimpitishia kijana mkono begani, akaivuta ile zipu juu. "Ni mchumba wangu," alisema. "Ana jino bovu. Hivyo ndivyo anavyolia."

Watu wakacheka. Jibaba likarudi kitini.

"Asante," kijana alinong'ona.

"Goti langu si mali yako. Umefuata nini huku?"

"Tiketi za upande wetu ziliisha. Nikaona bora nikae huku kuliko kukosa."

"Na mkifunga la pili?"

"Nipige kofi. Nikishtuka, sitashangilia."

Wageni walifunga la pili. Kidoti alimpiga kofi la haki, la mtu aliyefungwa nyumbani kwake, na jibaba la nyuma likasema, "Mwongezee!"

Pale getini, watu wakisukumana kutoka, kijana alimwomba namba ya simu huku akijishika shavu. Kidoti alimpa. Njiani alijiuliza kwa nini timu yake imefungwa na yeye anatembea anacheka peke yake.

Kijana alikuwa fundi wa lifti. Kampuni moja ya kwao, ng'ambo ya mpaka, ilimleta kufunga lifti kwenye majengo mapya ya katikati ya mji, na Kidoti akawa anamwita Fundi tu. Kidoti alifanya kazi duka la miwani, chumba cha nyuma, akikata vioo na kuvisaga mpaka vienee kwenye fremu, mikono yake nyeupe kwa vumbi laini. Simu ikilia alilazimika kuishika kwa bega.

"Halo, hapo ni kwa mchumba wangu wa uwanjani?"

"Mchumba wangu ana jino bovu. Wewe nani?"

"Jino limepona. Sasa ni moyo."

"Moyo nenda hospitali. Hapa tunapima macho."

"Basi nipime. Tangu siku ile wanawake wengine siwaoni vizuri."

"Tatizo dogo hilo, mpenzi. Angalia tu usiangukie kwenye shimo la lifti."

Neno mpenzi lilikuwa limemtoka lenyewe. Upande wa pili wa simu pakawa na kicheko kirefu cha mtu aliyepata asichotegemea.

Tatizo lilikuwa kaka yake. Mtaa mzima ulimwita Winga, jina la siku alizochezea timu ya taifa ya vijana, na ndiye aliyemlea Kidoti baada ya wazazi kufariki. Mpira wake uliishia kwenye mechi dhidi ya Chungwa, pale beki wao alipomvunja goti. Sasa alikuwa kinyozi, akivuta mguu mmoja kati ya kiti na kioo, na televisheni yake ukutani ilionyesha kila mechi isipokuwa ya watu wale. Wakicheza wao, alizima.

Kwa hiyo Kidoti alipompeleka Fundi kunyolewa, alisema, "Kaka, huyu ni rafiki yangu. Kwao ni kule milimani, karibu na mpaka."

Fundi alimtazama Kidoti.

"Rafiki, au shemeji?" Winga aliuliza, tayari anatikisa kitambaa cha kunyolea.

"Kaka!"

"Nimeuliza tu jamani."

Wakapendana wale wawili, na hilo ndilo lililomchanganya Kidoti zaidi. Fundi alitengeneza feni ya saluni iliyokuwa inapiga kelele. Winga akampa jezi yake mwenyewe ya bluu. Fundi aliivaa mbele ya kioo, ikamkaa vizuri, na macho yake yakamtafuta Kidoti ndani ya kioo kile kama mtu anayeuliza njia.

"Tumwambie," alisema walipotoka.

"Bado. Acha akuzoee."

"Amzoee nani? Huyo mtu wa milimani mimi simjui."

"Kipenzi, nipe muda kidogo."

Muda haukutosha. Jumamosi moja jioni Fundi alikuwa kitini, nusu ya uso imenyolewa, nusu ina povu la sabuni. Winga alikuwa amesahau kuzima televisheni. Timu mbili zikajipanga uwanjani, moja yao ikiwa ya Chungwa, na wimbo wao wa taifa ukaanza.

Fundi alisimama.

Hakukusudia. Miguu ilisimama yenyewe, kama ilivyozoezwa tangu shule, na midomo yake ikaanza kufuata maneno chini ya povu.

"Shemeji, kaa, nitakukata," Winga alisema. Kisha akaitazama ile midomo, akaitazama televisheni. Wembe ulibaki hewani. "Umejifunza wapi huo wimbo?"

"Nyumbani," alisema Fundi.

Winga akageuka taratibu kwa dada yake aliyekuwa mlangoni. "Ulijua?"

Kidoti alifungua mdomo aseme ndiyo. Aliona lile goti la kaka yake limekakamaa, aliona uso wake, na kilichotoka ni kingine. "Sikujua."

Fundi alijifuta povu kwa kiganja. Akatoka nje na ndevu za upande mmoja, hakukimbia, hakugeuka.

Usiku huo Fundi alipokea simu ya Kidoti mara moja tu.

"Niliogopa," Kidoti alisema.

"Kakako alikuwa ameshika wembe karibu na koo langu, halafu aliyeogopa ni wewe?"

"Fundi, tafadhali..."

"Uwanjani ulidanganya ili nibaki karibu nawe. Leo umedanganya ili niondoke. Nifuate lipi?"

Kazi yake ya lifti ilikuwa inaisha. Akarudi kwao bila kuaga. Kidoti akawa hajielewi. Asubuhi alimkasirikia Fundi kwa kusimama, mchana alimkasirikia kaka kwa goti lake, jioni alijikasirikia mwenyewe, na wote watatu alikuwa anawapenda. Kazini alipachika vioo ndivyo sivyo. Mama mmoja alirudisha miwani akilalamika, "Mwanangu, nikivaa hii sakafu inanifuata."

Winga ndiye aliyelianzisha, siku moja akifagia nywele sakafuni.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Kwa hiyo ulinidanganya mimi, halafu ukamdanganya na yeye."

"Ni kwa ajili ya goti lako, kaka."

Winga akaegemea ufagio. "Goti ni langu. Nani alikuambia ulibebe wewe?" Akafagia kidogo, akasimama tena. "Mechi ya marudiano ni kwao. Nenda. Mimi siendi, na kumwona sijawa tayari, usinilazimishe. Lakini wewe nenda."

Fundi alipokea simu ilipokuwa inakaribia kukatika.

"Nakuja kwenye mechi," Kidoti alisema.

"Mashabiki wenu wametengewa jukwaa lao."

"Nataka kukaa utakapokaa wewe."

"Huku ni chungwa tupu."

"Mimi nitavaa bluu. Sijifichi tena, na wewe sikufichi."

"Sawa. Nitakukatia tiketi," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo Kidoti hakujua kama ni ya msamaha au ya adabu tu.

Aliingia jukwaani na jezi yake ya bluu, doa moja kwenye bahari ya chungwa. Mama mmoja mnene mwenye skafu ya chungwa alimpisha. "Pita mgeni wetu. Leo utalia, lakini pita."

Fundi alikuwa ameachia ndevu, zikampendeza. Walipeana mikono kama watu waliokutana benki. Wakakaa. Mechi ikaanza, nao wakawa wanazungumza vipande vipande.

"Safari ilikuwa njema?"

"Njema. Lifti zinakwendaje?"

"Zinapanda. Na kushuka."

Kipindi cha pili mshambuliaji wa Chungwa alianguka kwenye boksi la Bluu. Uwanja ukalipuka, watu wanadai penalti, mama wa skafu anapunga mikono yote miwili. Katika makelele hayo Fundi aliinama sikioni kwa Kidoti akasema jambo. Kidoti, macho yote kwa refa, akapiga kelele: "Hapana! Haiwezekani kabisa! Huo ni uongo mtupu!"

Refa akaonyesha penalti. Ikapigwa, ikaingia. Jukwaa zima likaruka, skafu zikapepea, watu wasiojuana wakakumbatiana. Kidoti alibaki kitini, mikono kichwani. Kisha akaona kwamba hayuko peke yake. Fundi naye alikuwa amekaa, anatazama viatu vyake.

"Mbona hushangilii? Mmefunga."

"Umeshanijibu."

"Nimekujibu nini?"

"Nimekuuliza kama utakubali nikuoe. Umesema haiwezekani kabisa. Umesema ni uongo mtupu."

Kidoti alimtumbulia macho. "Mungu wangu! Mimi nilidhani umeuliza kama ni penalti!"

"Nani anauliza vile kuhusu penalti?"

"Nilisikia tu 'kubali'! Ningekubali vipi wakati alijirusha?"

"Hakujirusha, aliguswa."

"Alijirusha!" Sauti ilimkatikia, na machozi yakaanza kumtoka, hajui ni ya goli au ya nini. "Niulize tena. Upesi, kabla hawajaanza mpira."

"Utakubali nikuoe?"

"Nataka. Naogopa. Nataka, Fundi. Ndiyo."

Simu ikamtetemeka mkononi. Alikuwa Winga, sauti yake inashindana na televisheni.

"Nimekuona! Wamewaonyesha! Jukwaa zima limesimama, nyie wawili mmekaa kama mko msibani. Wewe najua, tumefungwa. Huyo bwana kulikoni? Si timu yake imefunga?"

"Alidhani nimemkataa, kaka."

Televisheni kule saluni iliendelea kupiga kelele. Kisha Winga akaipunguza sauti.

"Umemkataa?"

"Hapana."

"Basi mwambie asimame ashangilie goli lake," Winga alisema, akakohoa. "Goli halali lile, yule mtu aliguswa. Mwambie nimesema mimi."

Kidoti alimwambia. Fundi alimtazama kwanza, kama mtu asiyeamini masikio yake, halafu akasimama. Wenzake wote walikuwa wameshakaa, mpira umeshaanza, na yeye peke yake akainua mikono na kupiga ukelele wa goli uliochelewa, mpaka mama wa skafu akageuka kumtazama. Kidoti akajifuta macho kwa upindo wa jezi. Akasimama kando yake na bluu yake, timu yake nyuma kwa goli moja, akaruka na kupiga kelele naye, asijue anashangilia nini hasa.