Pindo la Gauni la Njano

Ukiacha ile "njoo kesho" ambayo mafundi cherehani wote huisema, rafiki yangu huyu fundi sijawahi kumsikia akidanganya. Hili alinieleza huku macho yakimrudi mlangoni kila mara.

Jirani yake alikuwa amempoteza binti yake mdogo mwaka uliopita, lori lilipomgonga likirudi nyuma. Siku moja akaja dukani na gauni la njano la yule mtoto.

"Fundi, niteremshie pindo. Mtoto anakua, limekuwa fupi."

Fundi alilitundika ukutani. "Sawa, mama," akasema, lakini pindo hakuligusa. Aliona ni uchungu tu, na mwenye uchungu hawezi kukagua pindo. Jioni akalikunja vizuri, akampelekea.

Umeme ulikuwa umekatika. Mama alilipokea sebuleni, akaingia nalo chumbani, akafunga mlango. Fundi akabaki gizani, akisikiliza. Alisikia kitambaa kikivutwa. Kisha nyayo ndogo, zisizo na viatu, zikazunguka sakafuni, zikasimama nyuma ya mlango.

"Tulia basi, nikuone," mama alinong'ona.

Baadaye akatoka peke yake, gauni mkononi. Hakuwa na hasira.

"Fundi, hukuliteremsha. Bado linamwishia juu ya magoti."

Fundi alilichukua, akaenda nalo mbio hadi dukani. Akawasha mshumaa, akaligeuza ndani nje afumue pindo. Hapo mkono wake ukagusa kwapani mwa gauni. Palikuwa pamelowa jasho, na bado pana joto.