Texas Tutaenda Wote

"Pasipoti yako iko wapi?"

Adelina aligeuka kutoka kwenye jiko, mwiko mkononi. Mumewe, Leonard, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, koti mwilini, kama mtu anayesubiriwa na teksi.

"Si iko kwenye droo, mahali pake. Kwani vipi?"

"Haipo kwenye droo. Ninayo mimi tangu juzi. Nilitaka tu kuona kama umeshtuka."

Akacheka. Adelina naye akacheka, maana alishazoea kucheka mumewe akicheka. Lakini kicheko chake kiliishia njiani.

"Unaifanyia nini pasipoti yangu, Leo?"

"Mambo ya visa, mke wangu. Texas haiji yenyewe."

"Si tulisema tunalifikiria kwanza?"

"Haya, tulifikirie. Kaa."

Adelina akazima moto, akakaa. Walikuwa na miaka minne ya ndoa, na yote waliiishi katika flati hiyo ya chumba kimoja, ghorofani, Barking, mashariki mwa London. Adelina alikuwa nesi. Leonard alikuwa mhandisi wa mabomba ya gesi, na baada ya kukaa muda mrefu bila kazi ya maana, alikuwa amepata kampuni Texas, nje kidogo ya jiji la Houston.

"Anza wewe," Leonard alisema. "Nitajie ubaya wa Texas."

"Joto."

"Kila nyumba ina kiyoyozi. Hapa ukuta wa chumbani umeota ukungu, unakohoa toka Oktoba."

"Bunduki. Mtu anaingia nayo dukani kama ameshika mwavuli."

"Barking vijana hawachomani visu? Juzi tu barabara ilifungwa na polisi."

"Hospitali, Leo. Hapa nikiugua natibiwa, siulizwi kadi. Kule bila bima unakufa na ankara mkononi."

"Bima ni ya kampuni. Na jimbo halikati kodi kwenye mshahara. Tutapata nyumba ya vyumba vinne, na ua. Hapa tunapishana kwenye korido kama tuko kwenye treni."

Adelina alikuwa ameyataja mabaya matatu na yote yamepata jibu kabla hajafunga mdomo. Ilikuwa kama kuongea na mtu aliyesomea mtihani.

"Na mimi? Nitafanya kazi gani?"

"Nesi? Texas? Watakugombania."

"Kuendesha gari sijui. Nasikia kule bila gari huendi popote."

Leonard alinyoosha mkono, akamshika shavu.

"Nitakuendesha mimi. Popote unapotaka kwenda, utaniambia mimi."

Alisema kwa upole kabisa. Adelina akainuka, akarudi kuwasha jiko.

*

Kazini, Adelina alikuwa na rafiki mmoja mtu mzima, nesi mwenzake, Daksha. Alizaliwa Mwanza, sasa aliishi Kenton, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha Mwanza. Wakati wa mapumziko walikaa pamoja kwenye chumba cha manesi, Daksha akifungua kopo la maandazi.

"Anti, wewe si uliwahi kuishi Texas?"

Daksha aliacha kutafuna.

"Nani anakwenda Texas?"

"Leonard anataka twende. Nataka mtu aniambie ukweli. Pazuri au pabaya?"

"Pazuri," Daksha alisema bila kusita. "Mbingu kubwa, Adelina, hujawahi kuona mbingu namna ile. Watu wanakusalimia dukani hata hawakujui. Kimbunga kilipotupiga, jirani tusiyemjua alituletea maji na mkate. Hapa London jirani yangu amekaa miaka na miaka, namjua paka wake tu."

"Sasa mbona ulirudi?"

"Mume wangu, Mahendra, alikuwa na moteli, pembeni ya barabara kuu. Mimi nilikuwa napokea wageni, nafua mashuka. Duka la karibu huwezi kwenda kwa mguu, hakuna hata njia ya kutembea, ni magari tu. Mwanzoni Mahendra alikuwa ananipeleka. Halafu tukigombana, hanipeleki. Halafu simu ikawa ya ofisini tu. Hakunipiga hata siku moja, usije ukafikiri hivyo. Lakini ilifika mahali naomba ruhusa ya kwenda kununua dawa ya kichwa."

"Ukatokaje?"

"Mgeni mmoja wa moteli, mama wa Kimarekani, aliniona nalia kwenye mashine za kufulia. Akasema, panda gari. Nikapanda na nguo zile zile za kazi."

Simu ya Adelina ikatetemeka mezani. Ujumbe wa Leonard:

"Uko wapi?"

Akajibu: "Break. Niko na Daksha."

Jibu likaja hapo hapo: "Mnaongea nini?"

Kabla hajaandika kitu, likaja jingine: "Usiwasikilize walioshindwa ndoa. Texas tutaenda wote."

Daksha alikuwa amesoma kutoka upande wa pili wa meza. Alisukuma kopo la maandazi kwa Adelina, lakini hakuna aliyekula tena.

*

Alhamisi Adelina alikuwa mapumziko. Mchana kengele ya mlango ikalia. Alikuwa mwenye nyumba, mzee Tarsem, Singasinga mzaliwa wa Nairobi, na nyuma yake walisimama kijana na msichana wamevaa viatu vya mvua.

"Habari ya mchana, mama. Pole kukusumbua. Nimeleta hawa waone nyumba."

"Waone nyumba? Kwani kuna nini?"

"Si mnahama? Mzee wako alinipigia, akasema mwisho wa mwezi mnatoka." Tarsem akamtazama usoni, sauti ikashuka. "Mama, hukujua?"

"Najua," Adelina alidanganya. "Nilisahau tu ni leo. Karibuni."

Wale wageni wakapita kwenye nyumba yake wakipima dirisha kwa macho. Msichana alifungua kabati la nguo, akasema kwa Kiingereza kwamba litawatosha. Adelina alisimama katikati ya chumba chake mwenyewe kama mtu aliyekuja kutembelea.

Walipoondoka, alimpigia Ulimboka. Huyo alikuwa rafiki wa Leonard tangu chuo, yuko Texas kampuni hiyo hiyo, na ndiye aliyemtafutia kazi.

"Shemeji! Karibu sana Texas! Mmefikia wapi?"

"Tunafunga mizigo," Adelina alisema, akijikaza. "Nilitaka kukuuliza kuhusu hospitali za huko. Nianze kuomba kazi sasa hivi au nikifika?"

"Shemeji, kazi ipi tena?"

"Ya unesi."

"Lakini... visa yako si ya mke wa mfanyakazi? Hiyo ya Leo haimruhusu mke kufanya kazi. Labda baada ya miaka, wakibadilisha makaratasi. Leo alisema mmeshakubaliana unapumzika."

"Alisema hivyo?"

"Ndiyo. Hata mimi nilimshangaa, maana kampuni walimpa na nafasi ya Calgary, Canada. Mshahara karibu ule ule, na kule mke anapewa kibali cha kazi. Nikamwambia, chukua Canada, shemeji ni nesi. Akakataa katakata. Akasema Texas ndiyo inayomfaa."

"Alisema kwa nini?"

"Shemeji, mimi sitaki kuwagombanisha."

"Kaka Ulimboka, nakuomba."

Ulimboka alishusha pumzi ndefu.

"Alisema London imekuharibu. Alisema ukikaa mahali ambapo huna kazi, huna gari, huna ndugu, utakumbuka nani ni mume. Nilidhani anatania. Naapa nilidhani anatania."

Adelina alimshukuru, akakata. Kwanza alikwenda bafuni akanawa uso. Halafu akampigia Daksha.

"Anti, naomba uje Barking."

"Kuna nini?"

"Njoo tu."

"Nakuja. Usimwambie kitu mpaka nifike."

Kutoka Kenton mpaka Barking ni kuikata London nzima. Leonard alifika wa kwanza.

*

Aliingia akipiga mluzi. Aliona nyayo za matope kwenye zulia, mluzi ukakoma.

"Nani alikuja?"

"Tarsem. Na wapangaji wapya."

Leonard alifunga mlango taratibu, akazungusha ufunguo, akautia mfukoni. Kisha akavua koti.

"Nilitaka kukwambia kwa wakati mzuri."

"Na Calgary? Nayo ulikuwa unaisubirisha wakati mzuri?"

Hapo akakaa. Hakufoka wala hakukana, na utulivu wake ulimtisha Adelina kuliko makelele.

"Umeongea na Ulimboka."

"Nimeongea naye."

"Basi sasa unajua. Afadhali." Akayapangusa magoti yake, kama yana vumbi. "Adelina, unakumbuka nilivyokaa bila kazi? Ulikuwa unarudi kutoka shifti umechoka, unapika, unaniwekea chakula. Viatu vyangu vikitoboka, nakuta vipya mlangoni. Hukuwahi kunisimanga hata mara moja."

"Ningekusimanga kwa nini? Wewe ni mume wangu."

"Ndicho kilichoniua! Ungenitukana ningejua pa kukushika. Kwenye harusi ya binamu yako waliniita nani? Mume wa nesi. Jina langu hawalijui. Nikasema siku moja na mimi utanihitaji. Siku moja utakaa dirishani unasubiri gari langu."

"Nilikuhitaji siku zote, Leo."

"Hapana. Ulinipenda. Kunihitaji hukuwahi."

Adelina alimtazama mwanamume aliyekuwa akimwombea kila Jumapili. Machozi yakamjaa, kwa uchungu na kwa hofu, hakuweza kuyatenganisha.

"Nipe pasipoti yangu."

"Tiketi zimeshakatwa."

"Nipe pasipoti yangu, halafu fungua mlango."

"Ukitulia tutaongea vizuri." Akasimama, akaziba njia ya korido. "Leo umechanganyikiwa. Leo hutoki."

Simu ya Adelina ikaita. Akaipokea na kuweka spika kabla Leonard hajaifikia.

"Adelina, niko chini," ilikuwa sauti ya Daksha, ikihema. "Nimemkuta mzee Tarsem hapa mlangoni, alirudi kukuangalia. Ana ufunguo wa akiba. Tupande au unashuka?"

Leonard aliganda, mkono bado hewani. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mdogo.

"Umewaleta watu kwenye ndoa yetu," alinong'ona.

"Fungua mlango, Leo."

Hatua zikasikika kwenye ngazi. Leonard akatoa ufunguo mfukoni, akafungua. Kisha, bila kumtazama, akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa lile koti alilovua, akatoa pasipoti, akaiweka juu ya meza.

Adelina aliichukua. Hakuchukua kitu kingine.

*

Leonard aliondoka peke yake. Adelina alihamia Kenton, chumba cha nyuma kwa Daksha. Kwa wiki nyingi alikuwa akisikia mlango unafungwa kazini, anashtuka. Jumbe za Texas zilikuja, za kuomba msamaha, halafu za lawama, halafu za kuomba msamaha tena. Alizisoma, hakuzijibu. Bado alimpenda, na hilo alimwambia Daksha wazi.

"Najua," Daksha alimjibu. "Mimi nilimpenda Mahendra mpaka ndani ya gari la yule mama."

Masika yalipokaribia kwisha, ukaja ujumbe mfupi: "Niko London. Nimeacha kazi Texas. Nimekuwa mtu mwingine. Naomba tuonane."

Walionana mchana, kwenye mgahawa wa Kiarabu Edgware Road, watu wamejaa, Daksha kwenye meza ya tatu. Leonard alikuwa amekonda. Alipomwona Adelina, aliinuka haraka, akamvutia kiti.

"Nilikaa kwenye ile nyumba peke yangu," alisema. "Vyumba vinne. Nikawa nasikia sauti ya friji tu. Nikajiuliza, hiki ndicho nilichokuwa nakuandalia? Nisamehe, Adelina. Nisamehe kabisa."

"Nimekusamehe, Leo."

Uso wake ukafunguka. Akamshika mkono, na Adelina akauacha mkono wake hapo. Kwa dakika ile alitamani kila kitu kirudi.

"Unataka nini sasa?" aliuliza kwa upole.

"Kuanza upya. Hapa hapa Uingereza, kazi yako usiache, wala sitakugusa kwenye hilo. Nimeshapata nyumba Slough, nje kidogo ya London. Nzuri, ina vyumba viwili, ina bustani."

"Umepata?"

"Nimeshasaini jana. Nimewaambia mimi na mke wangu tunaingia Jumamosi."

Adelina akautazama mkono wake uliofunikwa na wa Leonard.

"Ulikuwa umeniuliza?"

"Nilitaka iwe zawadi."

"Na kama ningesema hapana?"

Leonard alitabasamu, lile tabasamu la mtu aliyesomea mtihani.

"Najua hutasema."

Adelina alivuta mkono wake polepole. Akaivua pete ya ndoa, akaiweka kwenye sahani karibu na kikombe chake.

"Wakili wangu atakupigia wiki ijayo," alisema. "Kwaheri, Leo."

Akainuka. Daksha akainuka pia, wakatoka pamoja, wakapotelea katikati ya watu kuelekea stesheni. Leonard hakuwafuata. Alibaki ameikodolea macho pete ile, mpaka simu yake ilipoanza kuita juu ya meza. Alikuwa mwenye nyumba wa Slough, anauliza kama bibi naye atakuja kuchukua funguo.