Aliyeitika kwa Jina la Chalwe

Bénie aliita jina la Chalwe pale kwenye benchi la zahanati, na sauti mbili zikaitika.

Ya kwanza ilikuwa ya Gaëlle, mdogo wake, aliyeketi peke yake akikunja mkono wa blauzi. Ya pili ilitoka palepale ubavuni pake, nzito, ya mtu mwenye maji kooni. Ilikuwa saa sita mchana, jua la Nchelenge, mji wa kando ya ziwa, likichoma mabati, na ghafla pakanuka tope la ziwa.

"Umeitika mara mbili?" Bénie aliuliza chinichini.

"Mi? Mara moja tu, yaya," alijibu Gaëlle; kwao dada mkubwa huitwa hivyo.

Tuseme kosa lilipoanzia, maana hakuna moshi bila moto. Mwaka huo wa tisini na nane, Bénie, nesi aliyekimbia vita ng'ambo ya ziwa, alipewa kazi ya kuwachoma sindano wagonjwa kumi wenye saratani ya ini. Dawa ilikuwa mpya, bado inajaribiwa. Kila wiki mbili alitoa damu na kuituma Lusaka wapime ile alama ambayo uvimbe huimwaga damuni. Ikishuka, dawa inafanya kazi. Nafasi kumi zilikuwa zimejaa, na Gaëlle, mwenye uvimbe uleule, alibaki nje.

Ndipo Chalwe wa Kilwa, kisiwa cha humo humo ziwani, mgonjwa namba saba, akafa. Kaka yake Kabaso, mvuvi, akavuka kurudisha kadi yake ya sindano.

"Andika kama amekufa," alisema. "Halafu tutaketi bandugu wote, tupe mutoto mumoja jina lake. Jina haikae bure, mama. Ukiliacha wazi, mwingine anaingia."

Bénie aliitikia kwa kichwa, lakini hakuandika. Alikuwa na mdogo mmoja tu duniani, wewe ungeandika? Akampa Gaëlle ile kadi na kumwonya asiitike tena jina lake mwenyewe la Gaëlle, hata nyumbani, maana watu wana midomo. Gaëlle akawa Chalwe miezi mitatu mizima, na jina lake mwenyewe likakaa bure.

Majibu ya Lusaka yakaja: alama ya namba saba imeshuka nusu. Yaliyofuata, imeshuka tena. Bénie alilia kwa furaha, kisha akamtazama mdogo wake. Tumbo lilikuwa limejaa, macho yamekuwa ya njano. Dawa ilikuwa inakwenda wapi?

Tangu siku hiyo hakutulia. Akiketi anainuka, akiinuka anasahau alichoinukia, maana kila siku ya sindano damu ilitoka mkononi mwa Gaëlle ikiwa baridi na kunuka tope, na benchi lilikuwa limelowa mahali ambapo hakuna aliyeketi, na nyayo za maji zilitoka hapo hadi kwenye kabati la dawa, zile za mwanzo nyembamba, za mgonjwa, na za wiki zilizofuata pana na nene, nyayo za mtu anayepona. Bénie alizipangusa kwa koti lake mwenyewe, akiogopa hata kupumua.

Alimwita Kabaso. Mvuvi alisimama mlangoni, akalitazama benchi, akakataa kuingia.

"Dada yangu yuko hapa," alinong'ona. "Anakuja kuchukua dawa yake. Mwachie jina lake, mama."

"Nikiandika amekufa, mdogo wangu atakosa dawa."

"Dawa gani? Tangu lini ameipata?"

Bénie alifungua daftari na kuandika: Chalwe, namba saba, amekufa. Akaandika na tarehe ya kweli. Papo hapo harufu ya tope ikakatika. Benchi likakauka. Kabaso akashusha pumzi na kurudi kwenye mtumbwi wake.

Kazi ataipoteza, sawa, lakini mdogo wake amempata. Tiba nyingine wangeitafuta, hata kwa kuvuka ziwa. Alitoka nje akitamani kulitamka lile jina alilokuwa amelimeza miezi mitatu.

"Gaëlle," aliita.

Mdogo wake alimtazama kama mtu aliyesikia jirani akiitwa, mdomo umefungwa. Ubavuni pake, juu ya ubao mkavu, ile sauti yenye maji ikaitika kwa upole:

"Niko, yaya."