Nani Aliotesha Fuwele Hii?

— Épi, usikate simu. Ni mie, Murhula.

Épiphanie akaibana simu sikioni. Miaka minne! Tangu vita vya 1998 kati ya Rwanda na Kongo vimtenganishe na mchumba wake wa Bukavu, hakupata hata salamu. Alifundisha kemia Kamembe, upande wa Rwanda wa mpaka, akala peke yake, akawasha redio ili nyumba isinyamaze.

— Kumbe uko muzima.

— Niko. Ile fuwele uliyoniachia nilienda nayo Ubelgiji. Tuliipiga mionzi, tukaona chembe zake zimepangwa namna gani mule ndani. Jumamosi natetea thèse yangu kwa maprofesa wa chuo kikuu. Kuya huku Bukavu, Épi. Nitakutaja mbele ya bantu bote, kisha nikupeleke kwa maman.

Ilikuwa chumvi tu ya siki na bikaboneti. Lakini Épiphanie aliiotesha wiki saba, akaifunika isipate vumbi, akaichungulia kila asubuhi kama mzazi, mpaka ikang'aa kama kioo.

Jumamosi alivaa kitenge kipya, akavuka daraja la Rusizi kwa miguu. Ukumbini akaketi nyuma. Wanawake wawili wakamkagua uso.

— Munyarwanda huyu, mmoja akanong'ona. Wakahama benchi.

Mbele, Murhula alichora ubaoni: kila sodiamu imezungukwa na oksijeni sita, safu kwa safu, na maji yamefungwa humo humo. Alieleza vizuri hata Épiphanie akasahau benchi lake tupu.

Mzee mmoja wa jopo akauliza:

— Fuwele safi hivi ni adimu. Nani aliiotesha?

Murhula akainua macho. Yakakutana na ya Épiphanie. Kisha akaitazama safu ya mbele, walikoketi mama yake na ndugu zake.

— Ni mie mwenyewe, Profesa.

Makofi yakalipuka. Épiphanie akatoka. Murhula akamkimbilia mpaka barabarani, anahema.

— Nielewe, chérie! Jina la Munyarwanda, mu Bukavu ya leo? Bangenizomea. Na maman alikuwa pale...

— Maman anajua nimekuya?

Murhula akageuka kuutazama mlango wa ukumbi.

— Murhula, maman anajua?

— Nilimuambia ulikufa kwa vita. Alikuwa anauliza kila siku... Ilikuwa rahisi zaidi.

Épiphanie alitaka kumpiga kofi. Mkono haukuinuka.

— Basi umeshanizika. Muntu haoi marehemu.

— Épi!

Hakugeuka. Aliteremka mpaka mpakani, watu wakimpita na mizigo yao. Alipokuwa katikati ya daraja, ujumbe ukaingia:

"Nipe muda. Nikipata kazi nitasema kwa bote. Nakupenda."

Akaegemea chuma cha daraja, akaandika, akafuta, akaandika tena:

"Mie pia nilikupenda. Ndiyo maana nilikuya mchana, bantu bote bakiniona."

Akautuma. Akaizima simu, akaupanda mlima wa Kamembe peke yake.