Zamu ya Restuta

Mvua ndiyo iliyomwingiza Restuta kwenye banda la mzee Rubeni, pale Tunduma, jirani na mpaka. Alikuwa na furushi la vitenge kichwani na gauni la njano lililolowa hadi kiunoni. Ndani kulikuwa na mashine kongwe ya gemu: mwana wa sultani mwenye kilemba anaruka mitungi, anakwepa majini, anapanda mazulia yanayopaa, akimfuata binti aliyefungiwa kasrini. Aliyecheza alikuwa Gibson, dereva wa lori, shati jeupe limenyooka kwa pasi.

"Mulishani, mrembo," alimsalimu kwa Kibemba akigeuka, na jini likamkamata papo hapo. "Ona sasa, umeniua!"

"Nimekuua na nini? Macho si yako?"

"Anayekufa anapisha," mzee Rubeni alikumbusha. Ndiyo sheria ya banda lake. Gibson akapisha, Restuta akacheza.

Mapenzi yakaanzia hapo. Kila jioni Gibson alipiga simu.

"Umekula, kipenzi?"

"Ulitaka nikusubiri uje unilishe?"

Restuta alimpenda, wala hakujidanganya. Kilichomkera ni kimoja: Gibson hakugusia posa, na kwao Ihanda mwalimu mmoja alishatuma mshenga. Baba alikuwa anaelekea kukubali. Restuta alipomweleza, Gibson alijibu neno moja tu, "Nitakwenda." Kisha simu yake ikawa haipatikani wiki nzima.

Sokoni wakasema ana mwanamke Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Restuta akaamini, maana lisemwalo lipo. Alilia kidogo nyuma ya vitenge, akafuta uso, akaendelea kuuza.

Jumamosi mama yake akapiga. "Mwanangu, Jumatatu alikuja kijana na suti, peke yake. Anajiposea mwenyewe! Baba yako kamuuliza wenzako wako wapi, akasema wazazi walishafariki, hana mtu. Katimuliwa. Na huyo mwalimu anajibiwa kesho."

Restuta aliacha vitenge kwa jirani, akaenda bandani. Gibson alikuwepo, anaruka mitungi.

"Simu umezima ya nini?"

"Ningekuambia nini, Restuta? Nimefukuzwa kama mwizi wa kuku. Mbona huyu wa kwenye gemu anakwenda kasrini peke yake?"

"Huyo hana mkwe Mnyiha."

Gibson alicheka bila kupenda. Restuta akamwondoa mkono kwenye mashine. "Umekufa mlangoni kwa baba. Anayekufa anapisha. Sasa zamu yangu." Akamgeukia mwenye banda. "Mzee Rubeni, wewe ni mtu wa Mbozi kama sisi, baba anakuheshimu. Huyu ni mwanao au si mwanao?"

"Mwanangu tangu lini?"

"Tangu leo."

Mzee alitoa koti lake msumarini na kuchomoa waya. Mwana wa sultani akazimika akiwa bado hewani.

"Twendeni tuwahi gari la Ihanda," alisema. "Na wewe mwanangu, tukifika, usifungue mdomo."